Hesabu ya Lango la Tano

Likizo ilianza vizuri, kama likizo zote. Kapteni aliinua tanga huku akipiga mluzi, mkewe akachemsha chai kwenye jiko dogo la gesi, na boti yao ikaingia kwenye mfereji mrefu unaoelekea pwani bila hata kutikisa vikombe. Ukapteni alijipa mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa fundi wa majokofu, na feni ya jokofu moja ilishamkata ncha ya kidole cha shahada cha kushoto. Mkewe alifundisha darasa la kwanza, na mume alimwita Mwalimu hata kitandani. Kila likizo walishuka mfereji huu kwa siku mbili hadi baharini, wawili tu, wakipita malango matano.

Lango lenyewe ni shimo la zege. Boti inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanashushwa polepole, kisha wa mbele unafunguliwa. Bawabu haruhusu kuingia kabla hajauliza kwa redio ya upepo mko wangapi, na idadi hiyo humtajia mwenzake wa lango linalofuata. Walioingia wanne watoke wanne. Wakipungua, mlango haufunguliwi, wanaitwa wazamiaji.

"Tuko watatu," Kapteni alijibu kwenye lango la kwanza, akimkonyeza mkewe. "Mama mkwe yuko chini, amejipumzisha."

Mkwe hataniwi, na mkwe aliyekufa ndiyo kabisa. Huyu alikuwa na wiki saba tu kaburini. Kabla hajafa aliugulia kwao mwezi mzima, akaomba kitu kimoja: apelekwe siku moja kwenye maji, upepo umpige usoni. Kapteni alisema boti ni ya watu wawili, wa tatu ni mzigo. Alisema hivyo mlango wa chumba cha mgonjwa ukiwa wazi. Mama akageukia ukutani, na tangu hapo hakuomba tena kitu, hata maji ya kunywa.

"Umekosa la kutania?" Mwalimu aliuliza.

"Maiti hanuni, Mwalimu. Anayenuna ni wewe."

Mwalimu alishuka kuosha vikombe. Tangu siku ya mazishi alitaka jambo moja tu kwa huyu mwanamume: aseme amekosea. Mara moja tu, hata kwa kunung'unika. Hajawahi.

Lango la pili walilifikia jua likiwa la utosi. Bawabu, mwanamke mnene mwenye kofia pana, aliinama ukingoni akawahesabu kwa kidole.

"Mmoja, wawili, watatu. Sawa. Ila yule mama mvalisheni jaketi la kujiokolea. Ninyi mmevaa, yeye mmemwacha hivihivi?"

Kapteni alicheka hadi machozi, akidhani na yeye ametaniwa. Mwalimu hakucheka. Kuhesabu vichwa ndiyo kazi yake, watoto arobaini na tano, kila asubuhi na kila safari ya shule. Akahesabu boti. Wawili. Akarudia, na safari hii ulimi ukamteleza: watatu.

Alitoa jaketi la akiba sandukuni, akaliweka kwenye kiti cha nyuma. Alijiambia ni kumridhisha bawabu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mwanga kila mahali, waliona mikanda yote ya lile jaketi imefungwa. Imekazwa sana, kwa kipimo cha mtu aliyekonda. Jaketi lilikaa wima katikati ya kiti. Halikuegemea kitu.

"Umelifunga wewe?" Kapteni aliuliza.

"Hapana."

Alilishika alitupe chini. Akaliachia. Akafuta viganja kwenye suruali.

"Lina joto," alinong'ona.

Bawabu wa lango la tatu aliwashukuru kwa kumvalisha mama. Wa nne alivua kofia, akatazama kiti cha nyuma, akasema, "Shikamoo." Akasubiri kidogo. Kisha akatabasamu kama mtu aliyeitikiwa.

Hapo mluzi wa Kapteni uliisha. Alimweleza yule bawabu kwamba ulikuwa utani tu, wao ni wawili, tena tangu mwanzo.

"Mimi nimeshahesabu," bawabu alimjibu. "Marekebisho ni lango la tano, mkishakuwa ndani. Mkisema wawili, wataandika wawili. Na watatoka wawili."

Baada ya lango la nne mfereji hauna pa kushukia. Kuta zimepanda pande zote mbili, laini, juu kuliko mlingoti. Kapteni alishika usukani bila kugeuza shingo, maana kiti cha nyuma kilikuwa begani kwake. Jasho lilimtiririka. Kuna mtu alikuwa akipumua pale. Pumzi fupi, za mgonjwa. Mwalimu alizijua; alizisikiliza mwezi mzima.

Wakaingia lango la tano. Mlango wa nyuma ukajifunga. Maji yakaanza kushuka, na boti nayo.

"Waambie," Kapteni alinong'ona. "Waambie tuko wawili."

Mwalimu akachukua redio ya upepo. Hakuibonyeza.

"Kwanza muombe radhi."

"Nani?"

"Unamjua."

Pumzi zikasimama. Hata maji yalikuwa kama yanasikiliza.

"Mtoe huyo bibi kwenye boti yangu," Kapteni alisema.

Mwalimu akamtazama. Miaka kumi na minne ya ndoa. Alikumbuka ule mgongo uliogeukia ukutani. Alijua vizuri anachofanya, na mtu asiseme kwamba alipitiwa. Akabonyeza redio.

"Tuko wawili."

"Nani na nani?" Kapteni aliuliza, sauti imekwisha.

Mwalimu alitazama juu, kwenye ukanda wa mbingu. Nyuma yake hakukuwa na kelele. Boti iliinuka kidogo upande wa usukani, kama inavyoinuka mtu akishuka. Basi. Kisha usukani ukalia, ukageuzwa taratibu kuelekea mlango wa mbele.

Mlango ukafunguka. Upepo wa bahari ukaingia, na begani kwake mtu akashusha pumzi ndefu ya raha.

"Safari njema, mama zangu," bawabu alisema kutoka juu.

Wazamiaji waliitwa baadaye, Kapteni alipokosekana kazini, shimo likakaushwa hadi chini. Hawakupata hata kiatu. Daftari za malango yote matano, hata yale yaliyowahesabu watatu, sasa zilisomeka wawili, wanawake, na polisi hawakujua wamuulize nini mjane.

Likizo iliyofuata bawabu wa lango la tano alimpigia simu. Alisema kwenye ukuta wa shimo, chini ya usawa wa maji, kuna alama za viganja. Wamezisugua kwa brashi ya chuma hazitoki. Zinaanzia sakafuni, zinapanda. Mkono wa kushoto una kidole cha shahada kifupi, kama kilichokatwa ncha. Na kila wanapokausha shimo, zimeongezeka moja au mbili. Sasa imebaki kama hatua moja kufika ukingoni.



"Maji mmeyarudisha?" Mwalimu aliuliza.

"Bado, mama."

"Yarudisheni," alisema. "Jazeni."