Mkomamanga wa Bibi Heghnar

Komamanga la chini lilikuwa jekundu mno.

Nvard, afisa wa usalama, aliliona hilo kabla ya kuona kufuli lililovunjwa la sanduku la kitabu. Mti uliochorwa kwenye Injili ya kale ulikuwa na shina lililosokotwa kama kamba, matunda yamepangwa kama vifungo vya shati. Lile la chini lilipaswa kuwa limefutika. Wanawake wanaotafuta mtoto wamelibusu kwa karne nyingi.

"Bibi Heghnar, hiki si kitabu chako. Wamekuachia nakala."

Bibi kizee akaketi kama aliyeletewa msiba. "Kitabu hicho ndicho mtakatifu wa nyumba yangu, na wamemteka! Mrudishe, Nvard jan, mwanangu. Usimpeleke kwa wakubwa wako. Mlete hapa hapa."

Nvard akaitikia kwa kichwa.

Redio ikakoroma.

"Jiwe kwa Kunguru. Strobl, yule mlanguzi wa vitabu, yuko kwenye lori la brandi. Kamaz ya bluu. Anaukimbilia mpaka wa kusini."

"Namfuata, mkuu."

Gari la Nvard, Lada Niva, likapiga kelele kwenye kona za mlima. Risasi ya kwanza kutoka kwenye lori ikapasua kioo. Ya pili ikang'oa ncha ya sikio lake.

Hakupunguza mwendo.

Akaligonga lori gurudumu la mbele. Kamaz ikalala ubavu, chupa zikapasuka, brandi ikafurika barabarani. Dereva akaruka na Kalashnikov. Nvard akamtia risasi mbili kifuani.

Strobl akatambaa nje, kitabu kimefunguliwa mkononi, wembe juu ya ukurasa.

"Tupa bastola, mrembo, au naukata mti wenu!"

Makarov ya Nvard ikaanguka chini.

Strobl akacheka. "Nyie wendawazimu kweli! Kufa kwa ajili ya kurasa za ngozi ya ndama?"

Akaachia wembe ili achomoe bastola yake.

Kosa.

Shingo ya chupa iliyovunjika ikazama chini ya taya lake. Kwa mkono wa pili Nvard akakidaka kitabu kabla tone la damu halijakifikia.

"Kunguru, umekipata?"

"Ninacho."

"Safi. Kilete makao makuu. Waziri ameshakitengenezea kabati la kioo."

Nvard akakifunga kitabu ndani ya koti, akaokota bastola, akaingia kwenye Niva na kugeuza kuelekea kijijini. Damu ya sikio ilimchuruzika shingoni. Miaka yote ya kazi alikuwa na jibu moja tu kwa sauti ya mkuu: ndiyo.

Akabonyeza redio.

"Hapana, mkuu."