Betri ya Chini ya Kitanda

Taa ya jikoni ndiyo iliyoanza. Ilififia kidogo, ikarudi, ikafifia tena, na Kitinda, aliyekuwa akiosha vikombe kwenye sinki dogo la gari-nyumba, akadhani ni waya uliolegea. Kisha akagundua kwamba taa inakwenda sambamba na pumzi za mama yake. Mama akivuta hewa, taa inazama. Mama akishusha pumzi, taa inawaka vizuri.

Alijiambia ni mashine tu. Mama alikuwa mgonjwa wa mapafu, na mashine ya hewa yenye mpira ulioishia puani mwake ilikula umeme usiku na mchana. Ndiyo maana binti alinunua gari hili kuukuu lenye kitanda, jiko na paneli ya sola juu ya paa, ili amfikishe mama kwa madaktari wa mbali bila kuizima mashine hata kidogo. Sasa walikuwa wamekwama nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa. Jua lilichoma mchana kutwa, paneli ilikuwa safi, na bado betri, mpya kabisa, ilikuwa na njaa. Injini haikuwaka. Gari la wagonjwa walishaliita, likasema liko njiani, na neno "njiani" ni refu sana ukiwa na mgonjwa ndani.

Alasiri akafika fundi umeme na pikipiki yake. Watu walimwita Fundi Shoti, na yeye aliliona jina hilo kuwa tangazo la biashara.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni. "Usiwe na wasiwasi. Betri ni kama mume wa mtu. Ukiona harudi na kitu nyumbani, ujue kuna pengine anapeleka."

Mama alitabasamu kwa macho. Pumzi ya kucheka hakuwa nayo.

Fundi alifanya kazi bila papara. Alikwangua ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri, akakaza nyaya, akapima paneli, akaiona nzima. Mashine ya mama akaiachia itumie kibetri chake cha ndani. "Kitatuvusha kidogo tu, dada, kwa hiyo tusizubae." Akazima kila kitu, akachomoa waya wa hasi na kuweka kipimo katikati. "Sasa tunamsaka mwizi. Nachomoa fyuzi moja moja. Nikichomoa moja namba ikashuka, tumemkamata."

Alichomoa ya taa. Namba haikushuka. Akachomoa ya pampu ya maji, ya friji, ya redio. Alizichomoa zote zikajaa kiganjani, na kipimo kikaendelea kusoma. Namba zilipanda, zikatulia, zikashuka. Zikapanda tena, zikatulia, zikashuka.

Fundi Shoti akaacha utani.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hii si shoti. Shoti haipumui."

Ndipo wote wawili wakanusa. Harufu ya mayai viza, ambayo Kitinda kwa siku kadhaa alikuwa akidhani ni ya choo, ilitoka chini ya kitanda cha mama. Fundi aliufuata waya mnene kwa kidole, akapiga magoti, akainua ubao. Kulikuwa na betri ya pili, kuukuu, imevimba tumbo, imeunganishwa na ile mpya.

"Nani kaifunga hii?"

"Mimi. Ilikuja na gari. Aliyeniuzia alisema nisiitupe, niwe naiongezea maji tu kila asubuhi. Nikaona nikiiweka pamoja na mpya zitasaidiana."

"Hazisaidiani, dada yangu. Kuukuu inainyonya mpya mpaka zote zife. Kila fundi anakataza."

Alifungua vifuniko, akamulika. Ndani kulikuwa kukavu. Maji yote ambayo Kitinda alikuwa akiyamimina kila asubuhi, huku akisikia kitu kikigugumia na kudhani ni mapovu, hayakuwamo hata tone, na kutoka kwenye matundu yale ikatoka hewa ya vuguvugu, polepole, ikamgusa usoni, kisha ikarudi ndani ikivuta nywele zake za mbele, kisha ikatoka tena, na safari hii ikaja na sauti nyembamba, kavu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, ikisema, "Niongezee."

Kitinda alijiziba mdomo kwa mikono miwili ili mama asisikie.

"Mungu wangu," fundi alinong'ona. Alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni. "Marehemu baba aliwahi kukutana nalo. Hili ni jini, dada, na halifukuzwi kwa kunyimwa chakula. Ukilikata hapa, linatazama nani yuko karibu limwingie. Tumtoe mama kwanza, aende mbali, ndipo tukate."

"Mbali wapi? Hata kukaa hawezi."

"Basi tungoje gari la wagonjwa. Nakuomba, tungoje."

Mashine ikalia. Kibetri cha ndani kilikuwa kinakwisha, mlio ukafuata mlio, na Kitinda akaona midomo ya mama ikigeuka rangi ya jivu, akaona vidole vikikwaruza shuka, akaijua ile betri mpya kuwa imepokea jua la kutwa nzima na kwamba jua lote hilo linaishia kwenye lile tumbo lililovimba, na aliyoyasema fundi aliyasikia, alisikia kila neno, lakini hofu ya kumkosa mama ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kitu kingine chochote duniani, akampokonya fundi spana, fundi akapiga kelele, naye akaizungusha nati, akaizungusha, mpaka waya ukaruka.

Kimya. Hata harufu ilikatika.

"Niondolee mpira huu," mama alisema kutoka kitandani. "Unaniwasha."

Ilikuwa sauti nzima, sauti ya mama wa zamani. Akaketi. Akateremsha miguu sakafuni mwenyewe. Kitinda alimrukia shingoni, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mama! Umepona! Fundi, njoo umwone, amepona!"

Fundi alikuwa anamwona. Alisimama mlangoni, fyuzi zote bado kiganjani, macho yake kwenye kifua cha mama, ambacho hakikupanda wala kushuka.

"Nina kiu," mama alisema. Akanywa jagi zima bila kulishusha. "Na njaa. Lete mkono, mwanangu."

Kitinda akampa. Baridi ilianzia kwenye kucha, ikapanda kiwiko, ikafika begani, na kadiri ilivyopanda mashavu ya mama yalizidi kunawiri, huku binti akijikuta ameketi kitandani bila kutaka.

"Mwachie, dada! Huyo si mama yako!"

"Najua."

"Basi vuta mkono! Hajakushika kwa nguvu!"

Ilikuwa kweli, hakushikwa kwa nguvu. Lakini Kitinda alikuwa amemtazama machoni, na mle ndani kabisa, nyuma ya kile kilichokuwa kinakula, alimwona mama yake, mdogo, ameogopa, akimtikisia kichwa: usinipe, usinipe. Alikuwamo bado. Chakula kikikatika, angekwisha.

"Kaa nje, fundi," alisema, akasogea karibu zaidi na mama.

Gari la wagonjwa lilipofika, jua lilikuwa linazama. Muuguzi alichungulia ndani, akamwona mwanamke mzee, mgongo wima, uso unang'aa, na begani pake ameegemea msichana mwenye midomo ya rangi ya jivu. Akamgeukia fundi.

"Mgonjwa wetu ni yupi?"

Kitinda ndiye aliyejibu, kwa pumzi iliyobaki.

"Ni mama. Msitutenganishe njiani."