Sauti ya Mlangoni

"Kaka, samahani, hilo jora nimeshalishika mimi."

"Na mimi nimeshika nini, dada? Upepo?"

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika mpaka mlangoni, kama ilivyokuwa kila mwisho wa mwezi enzi zile. Mafundi cherehani waligombea vifungo, akina mama walivuta vitambaa huku na huku, na mwenye duka alipiga kelele kwamba asiyenunua asishike. Katikati ya vurugu hiyo, msichana mmoja mrefu, mwenye gauni la madoadoa lililobana kiunoni na kuachia chini, alikuwa ameng'ang'ania ncha moja ya jora la mwisho la mahameli ya kijani. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa kijana mwembamba mwenye shati jeupe, mikono kaikunja mpaka kwenye viwiko, na bisibisi kaichomeka mfukoni pale wenzake wanapochomeka kalamu.

Wala si kitambaa kilichomfanya kijana yule asiachie. Ni sauti. Alikuwa hajapata kusikia msichana mwenye sauti nzito namna ile, tulivu, ya kumfanya mtu asogee karibu hata kama anagombezwa.

"Unataka kushona nini?" akauliza, ili tu aisikie tena.

"Magauni. Tuko watatu, tunaimba. Wiki ijayo tunarekodi santuri yetu ya kwanza. Wewe je? Unashona suti ya kijani?"

"Mapazia."

"Mapazia!" Msichana akacheka mpaka watu wakageuka. "Mahameli yote hii uitundike dirishani?"

"Ukutani. Chumba chetu kinarudisha sauti kama pipa tupu. Kitambaa kizito kinaituliza."

"Chumba gani hicho?"

"Cha kurekodia santuri, dada."

Wakatazamana, kisha wakacheka kwa pamoja. Mwenye duka, aliyekwisha kuchoka nao, akalikata jora katikati akawapa kila mmoja nusu yake.

Msichana huyo wenzake walimwita Besi, kwa ajili ya sauti yake. Wa pili katika kundi alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, mpole, mwenye sauti ya kati. Wa tatu, kiongozi, walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, na sauti yake ilikuwa nyembamba na tamu. Meneja wao alikuwa mjomba wake Chiriku, mtu wa kofia na sigara, ambaye kwake dunia nzima iliumbwa ili mpwa wake awe maarufu.

Siku ya kwanza walipoingia studio na magauni yao mapya, Chiriku alisimama mbele ya ukuta akapiga kelele.

"Jamani, tumevaa ukuta!"

Ndivyo ilivyokuwa. Ukuta wa mahameli ya kijani, na wasichana wa mahameli ya kijani. Mpiga gitaa alicheka mpaka akaangusha gitaa lake, na tangu siku hiyo watu wakawaita Dada wa Mahameli.

Kwa vijana wa leo lazima nieleze jambo. Siku hizo hapakuwa na kila mwimbaji na kipaza sauti chake. Kilikuwa kimoja tu, kinaning'inia katikati ya chumba, na watu wote wanakizunguka. Kazi ya fundi mitambo ilikuwa kumpanga kila mtu mahali pake. Mwenye sauti ndogo alisogezwa karibu, mwenye sauti kubwa alirudishwa nyuma, ili zikifika kwenye mashine ziwe zimelingana. Mafundi wote walilijua hilo. Waimbaji wapya hawakulijua, na hakuna aliyejisumbua kuwaambia.

Majaribio yalichukua wiki nzima, na katika wiki hiyo mapenzi ya Besi na yule kijana wa mapazia, ambaye wote walimwita Fundi, yalishika moto. Nyumbani kwa kina Besi hapakuwa na simu, ila duka la dawa la jirani lilikuwa nayo, na mwenye duka akawa tarishi bila kutaka.

"Binti! Yule fundi wako anauliza kama kikohozi kimepona."

"Sina kikohozi, mjomba."

"Hata mimi nimemwambia. Anasema basi anataka kusikia jinsi usivyokohoa."

Jioni walikunywa soda kwenye kibanda kando ya sinema, na Fundi alimsimulia habari za nyaya na sindano kana kwamba anamsimulia hadithi za mapenzi. Besi alimsikiliza, kidevu mkononi. Alimpenda, na hakujificha.

Kabla ya kurekodi kwenyewe, Meneja alimvuta Fundi pembeni.

"Nimekuona unavyompanga yule mrefu nyuma. Sawa, kazi yako unaijua. Ila usithubutu kumwambia sababu. Akijua sauti yake ndiyo kubwa, kesho atataka kuongoza, na kiongozi ni mpwa wangu. Tumeelewana?"

Fundi alikuwa mgeni kazini. Akakubali.

Basi wakaanza. "Besi, rudi nyuma kidogo." Wakaimba. "Bado. Rudi tena." Wakaimba. Alirudishwa mpaka mgongo ukagusa mlango, huku Chiriku akiwa karibu kukimeza kipaza sauti.

"Dada, akikurudisha tena utaimbia barabarani," Chiriku akatania.

Besi hakucheka. Alimtazama Fundi kupitia kioo cha chumba cha mashine, akitaka japo tabasamu moja la kumwambia kuna sababu. Fundi akainamia mashine. Besi akaimba akiwa pale mlangoni, na alipomaliza alitoka bila kuaga. Fundi alimkimbilia ngazini.

"Ungenifungia nje kabisa, si ingekuwa rahisi?" Besi akamwambia.

"Mpenzi, si hivyo unavyofikiri."

"Ni vipi basi? Niambie."

Fundi akainua macho. Juu ya ngazi Meneja alikuwa amesimama, anawasha sigara.

"Ni mambo ya kitaalamu," akasema.

"Ya kitaalamu." Besi akafunga kitufe cha koti lake polepole. "Haya. Baki na utaalamu wako."

Aliacha kundi. Akapata kazi ofisi ya simu, kwenye chumba kirefu ambamo wasichana walikaa mstari mmoja, visikilizio masikioni, wakichomeka na kuchomoa nyaya mchana kutwa. Santuri ilitoka, ikapendwa ajabu. Ilipigwa kwa vinyozi, kwenye migahawa, hadi arusini, na wasichana mjini wakaanza kuvaa kijani. Besi akisikia muziki ule unaanza, alivuka barabara. Hakutaka kusikia wimbo ambamo yeye hayumo. Kule studio nako walitafuta msichana mwingine wa kushika sauti ya chini, naye masikini aliimba kama anayeomba radhi.

Fundi hakukata tamaa. Alipiga simu kila alipopata nafasi.

"Ofisi ya simu. Nikuunganishe na nani?"

"Na wewe."

"Namba hiyo haipatikani." Na waya ukachomolewa.

Kesho yake tena. "Ofisi ya simu."

"Besi, usikate. Sitasema neno. Nisikilizie wimbo mmoja tu."

Kabla hajajibu, akasikia sindano ikikwaruza, kisha gitaa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye waya, lakini haukuvuta. Sauti ya Chiriku ikaingia, nyembamba. Ya mdogo wake ikafuata. Na chini yao ikaja yake, imara, imewabeba wote wawili, wala hakuna mahali ilipopotea. Alikuwamo. Alikuwamo tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Besi akafunika uso kwa kiganja, akalia pale pale kazini.

"Hapo ulikuwa umesimama mlangoni," Fundi akasema wimbo ulipokwisha. "Ningekuacha mbele, wenzako wasingesikika kabisa. Hakuna sauti kubwa kama yako iliyowahi kuingia chumba kile, mpenzi wangu. Ilibidi niirudishe ili mashine iiweze."

Besi akapangusa pua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Meneja alinikataza."

"Ukakatazika."

"Nilikuwa mgeni, Besi. Niliogopa kazi."

"Sikiliza, Fundi. Nakupenda, sitakudanganya. Lakini siwezi kuishi na mtu anayejua ukubwa wangu halafu ananong'ona. Siku ukiweza kuyasema hayo mbele ya Meneja, nitafute. Kabla ya hapo usinipigie." Akachomoa waya.

Fundi hakulala vizuri. Asubuhi kundi likaja kurekodi santuri ya pili, na wimbo ukakataa. Wakarudia mpaka mpiga gitaa akaanza kusinzia.

"Tena!" Meneja akaamuru.

Fundi akazima mashine, akatoka nyuma ya kioo.

"Hata turudie mpaka kesho, hautakaa sawa," akasema. "Aliyekuwa anaubeba wimbo wenu ni yule niliyemsimamisha mlangoni. Sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote. Ulinikataza nisimwambie, mzee, nikakubali kama mjinga. Leo nasema."

"Nitakwenda kwa mwenye studio sasa hivi!" Meneja akafoka. "Utafungasha virago vyako!"

"Mjomba, kaa chini," akasema Chiriku. Kila mtu akamgeukia. "Kwani mimi kiziwi? Nilijua tangu siku ya kwanza. Unadhani ni raha kuimba mbele huku nyuma yako hakuna mtu? Nimechoka kupiga kelele peke yangu. Iko wapi simu?"

Akaenda ofisini, wote wakamfuata. Akaomba aunganishwe na Besi.

"Dada yangu, amesema! Mbele ya mjomba! Anatetemeka hapa kama ana malaria. Nimpe simu?"

Fundi akapokea.

"Umesemaje?" Besi akauliza.

"Nimesema sauti yako ndiyo kubwa."

"Sikusikii."

"Sauti yako ndiyo kubwa!"

"Sema wasikie na walio nje, Fundi."

"SAUTI YAKE NDIYO KUBWA!" Mpiga gitaa akapiga makofi. Fundi akavuta pumzi, na kwa vile alikwisha kupata ujasiri, akaona autumie wote. "Na nataka kukuoa."

Kabla Besi hajajibu, ikatoka kwenye simu sauti nyingine ya kike, ngeni kabisa.

"Amekubali!"

"Wewe shoga, chomoa waya wako!" Besi akamkemea mwenzake wa kiti cha pili. Halafu akacheka, kile kicheko cha duka la vitambaa. "Umbea huo. Lakini hajakosea."

Alirudi kundini. Meneja alinuna mwezi mzima, kisha santuri ya pili ikatoka, akasahau alinunia nini. Waliimba miaka kadhaa, mpaka Chiriku alipoolewa mbali na mdogo mtu akajifungua mapacha. Vipaza sauti vikawa vingi, magitaa yakawa ya umeme, na zile santuri zikabaki kwenye kabati za wazee.

Fundi na Besi wanaishi ghorofa ya pili. Juzi alihamia kijana jirani yao, mtu wa kazi za usiku. Mchana wa siku yake ya kwanza alibisha hodi, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee. Naomba radhi sana. Nilikuwa naomba mpunguze redio kidogo."

"Marahaba, mwanangu," Fundi akajibu. "Redio yetu imeharibika tangu mwezi uliopita. Huyo unayemsikia ni mke wangu, anaosha vyombo. Na huyo hapunguzwi."