Mchumba Aliyempeleka Canada kwa Mdomo

— Soma tena hilo jina, Anifa. Soma polepole.

Anifa aliondoa mguu kwenye cherehani, akaisogeza simu karibu na macho. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, naye ndiye aliyekijua zaidi.

— "Mwongozo wa Njia ya Maji, kwa wasafiri wa kayaki na mitumbwi. Umeandikwa na Mulenda."

— Shuka chini. Jina yangu iko wapi?

— Haiko, dada.

— Angalia mwisho. Pale pa kushukuru bantu.

— Pale anashukuru Mungu na mama yake.

Annuarite alikaa juu ya gunia la vitambaa la rafiki yake kama mtu aliyesukumwa. Simu ya Anifa ilikuwa ikilia mfululizo. Kundi zima la WhatsApp la Wakongomani wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, lilikuwa likimpongeza Mulenda. "Hongera kaka!" "Umetutoa kimasomaso!" "Mungu azidi kukuinua!"

Mulenda alikuwa mchumba wake wa miaka mitatu. Na kazi ile yote, toka neno la kwanza hadi la mwisho, ilikuwa ya Annuarite.

Baba yake alikuwa mtu wa mitumbwi kule Fizi, Kongo, akamfundisha maji kabla hajajua kusoma. Dzaleka hakuna ziwa. Lakini kila kiangazi Annuarite aliomba kibali cha kutoka kambini, akateremka Salima, kando ya Ziwa Malawi, kununua usipa, dagaa wakavu wa kuuza kambini. Wenzake walinunua wakageuza. Yeye alibaki na wavuvi, akapanda nao, akawauliza. Hapa mtu mwenye mtumbwi mdogo anaweza kutua? Maji ya kunywa yako wapi? Viboko wanalala kwenye mdomo wa mto upi? Ukitaka kupiga hema, unamsalimia nani kwanza? Yote aliyaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili chake.

Kisha Mulenda, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu huko Biwi, Lilongwe, akamletea habari. Kampuni moja ndogo ya Area 18, mtaa wa jiji hilohilo, ilikuwa ikikodisha kayaki, na mwenye kampuni alikuwa ametafuta mwongozo wa njia za maji hadi akachoka. Ramani alizopata zilionyesha ziwa la buluu tu, bila neno hata moja kwa mtu aliyekaa na kasia mkononi.

— Peleka daftari, Annuarite alimwambia siku ile. Baambie ni ya mi. Mi sina kibali mwezi huu.

Miezi mitatu kila akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Bado banasoma, sheri. Vumilia."

— Endelea kusoma, alimwambia Anifa sasa. Nataka kuona kama ameacha hata koma yangu.

Anifa alisoma. Kutua kwanza, sawa. Viboko, sawa. Ukurasa wa sita akafika kwenye kivuko cha kutoka rasi hadi kisiwani.

— Hapa inasema, toka saa sita ya mchana, fika mbele ya saa kumi ya jioni.

— Inasema nini?

Anifa alirudia. Annuarite alisimama.

— Mi niliandika saa kumi na mbili! Saa kumi na mbili ya asubui!

Kwenye daftari alikuwa ameandika kwa tarakimu: "Toka saa 12, fika mbele ya saa 4." Msomaji yeyote wa Kiswahili angeelewa kwamba unaanza jua likichomoza, unafika kabla mchana haujakolea. Aliyetafsiri kwa Kiingereza aliziacha tarakimu vilevile. Kumi na mbili ya Wazungu ni adhuhuri, na nne yao ni jioni. Ilikuwa Julai, na mchana wa Julai ndipo upepo wa mwera unapoamka na kulikunja ziwa kama mkeka.

— Safari ya kwanza ni lini?

— Kesho. Jumamosi. Mulenda ameandika hapa mu kundi kwa kujisifu.

Annuarite alipiga simu palepale. Mulenda alipokea kwa sauti ya asali.

— Allo, sheri wangu...

— Usiniite sheri. Nani alitia daftari yangu mu Kingereza?

— Ah, umeona? Nilitaka kukufanyia sapraizi...

— Nimeuliza nani!

— Rafiki moja wa hapa Biwi. Anajua sana.

— Na we ulisoma mbele ya kupeleka?

Mulenda alijifanya kumwita mteja.

— Mulenda. Ulisoma?

— Niliangalia.

— Kuangalia njo kusoma? Ukurasa wa sita inatuma bantu ku mwera! Kesho banaingia bangapi mu maji?

— Sita. Na kiongozi wabo.

— Pigia mwenye kampuni sasa hivi. Mwambie saa ni za asubui. Za jina tutaongea kisha.

— Sawa, nitamwambia.

— Sasa hivi!

— Nimesema nitamwambia! Usinipigie makelele kama mtoto!

Akakata. Jioni Annuarite alituma ujumbe: "Umemwambia?"

Jibu likaja: "Ndiyo. Usijali."

Akatuma tena: "Alijibu nini?"

Alama mbili zikawa za buluu. Jibu halikuja. Alipiga mara nne, simu ikaita tu. Jina la kampuni halikuwa na namba popote kwenye mwongozo. Namba iliyokuwapo ni moja, ya Mulenda.

Alfajiri mama yake alimkuta akifunga viatu.

— Unaenda wapi?

— Lilongwe. Kibali cha usipa bado iko na siku mbili.

— Unaenda kumwaibisha mwanaume juu ya makaratasi? Bale ba vitenge ya posa balishakuja hapa, Annuarite. Kanisa yote inajua we ni bibi ya Mulenda. Mabinti bangapi hapa banatafuta mwanaume kama ule?

— Bakamate ule, mama. Naacha.

Alichukua kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani, na kutoka pale akabadilisha magari mawili, kila moja likisubiri muda mrefu hadi lijae. Saa tano kasorobo alikuwa akigonga geti la kampuni huko Area 18. Uani kayaki nyekundu na za manjano zilikuwa zimepangwa juu ya mbao. Mwanamke wa makamo alitoka na kikombe cha chai. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye kampuni, Mayi Tamandani, yaani Mama Tamandani. Annuarite alizungumza naye Kichewa alichokipata kwa miaka tisa ya kambini.

— Mayi, samahani kwa kuja bila taarifa. Naitwa Annuarite, natoka Dzaleka. Nimekuja kwa ajili ya mwongozo.

Mayi Tamandani alimkazia macho.

— Annuarite? Yule dada wa daftari?

— Ndiye mimi.

— Lakini wewe si uko Canada?

— Nani amesema?

— Mulenda. Alisema dada aliyemsaidia kukusanya habari alipata safari, akahamia Canada na mama yake. Nilitaka hata kukushukuru. Akaniambia namba yako haipatikani tena.

Dzaleka watu husubiri safari ile, ya kupewa makazi nchi za mbali, miaka kumi, na wengine huzikwa wakisubiri. Jina la Annuarite na mama yake liliwahi kufika hatua ya mwisho, kisha likarudishwa. Mama alilala kitandani wiki mbili bila kula. Na aliyekuja kila jioni na uji, akamfuta machozi, alikuwa Mulenda.

Annuarite alirudi kwenye lililomleta.

— Canada baadaye. Mulenda alikupigia jana kuhusu saa za kivuko?

— Saa gani? Hajanipigia.

— Mayi, watu wako wanavuka saa ngapi?

— Saa sita. Kama mwongozo unavyosema.

— Wapigie sasa. Wapigie, nakuomba! Saa ile ni ya asubuhi. Wakiingia mchana huu hawafiki.

Mayi Tamandani hakuuliza la pili. Kikombe alikiweka chini, chai ikamwagika. Simu ya kiongozi wa safari iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Ilipoita mara ya tatu, geti lilifunguliwa, akaingia Mulenda akiwa na fulana mpya ya kampuni. Alipomwona Annuarite alisimama kama aliyekanyaga moto.

— We unafanya nini hapa?

— Nimerudi kutoka Canada, alijibu Annuarite bila kumtazama. Nyamaza, simu inaita.

Safari hii sauti ilijibu.

— Mayi? Tuko ufukweni, tunafunga majaketi. Kayaki mbili ziko majini tayari.

— Msiondoke! Kuna mtu hapa, msikilize!

Annuarite aliikamata simu kwa mikono miwili.

— Kaka, tazama kusini. Maji ya mbali yana rangi gani?

— Hapa yametulia kabisa, dada. Yanapendeza.

— Sijauliza ya hapo. Nimeuliza ya mbali.

Walisikia hatua zake mchangani.

— Kuna mstari mweusi.

— Huo ndio mwera unakuja. Rudisha hizo mbili. Vuteni zote juu, mbali na maji, mzifunge.

Walisikia akipiga kelele kuwaita wageni. Kisha simu ikakatika. Baada ya dakika arobaini alipiga mwenyewe. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu hata maneno yakawa yanakuja vipande vipande. Wako salama. Hema moja limepeperuka. Mitumbwi miwili ya wavuvi imekimbilia hapo kujificha, na wavuvi wanauliza ni mwendawazimu gani alipanga kuvuka saa hizi.

Mayi Tamandani alikaa kwenye ngazi, akaweka uso mikononi. Mulenda ndiye aliyeanza kusema.

— Basi, Mungu asifiwe. Hakuna mtu amekufa. Sasa mbona tunakaa kama ku matanga?

Annuarite alimgeukia.

— Rudia.

— Nasema tu...

— Jana niliuliza kama umemwambia. Uliandika nini? Soma! Simu yako iko mu mkono, soma!

— Annuarite, tutaongea nyumbani...

— Nyumbani wapi? Uliandika "ndiyo"! Ulijua, ukalala, ukaamka, ukavaa fulana!

— Ningemwambia, angeuliza nimejuaje! Angejua haikuwa ya mi! Ulitaka nifanye nini? Kazi yote ingeanguka!

— Kwa hiyo bantu njo baanguke mu maji?

Mulenda alishusha sauti, akajaribu kumshika mkono.

— Sikiliza, sheri. Nani angesikiliza mtu wa Dzaleka, mwenye kuomba kibali hata ya kulala hapa? Mi niko na kibanda, najulikana. Nilifanya juu yetu sisi wawili. Tukishaoana, yangu si njo yako?

— Juu yetu, na mi ukanituma Canada?

— Ilikuwa maneno tu.

— Maneno! Ulikaa ku kitanda ya mama yangu, Mulenda. Ulimlisha uji na kijiko. Kisha ukachukua kilio yake ukaenda kufanyia uongo! Ule wa Canada njo mchumba wako. Muoe huyo.

— Hasira imekupanda...

— Imenipanda, na mi nilikupenda! Nasema mbele ya huyu mama, nilikupenda mpaka nikakupa daftari sikuonyesha hata Anifa. Ungeiba jina peke yake, labda ningelia, ningekugombeza, ningekurudia. Lakini ulijua bantu sita banaweza kufa, ukaona haya yako njo kubwa kuliko babo. Mi siwezi kulala karibu na mtu wa namna hiyo.

Maneno hayo yote yalikuwa ya Kiswahili, lakini Mayi Tamandani hakuhitaji mkalimani.

— Vua hiyo fulana, alimwambia Mulenda. Iache hapo kwenye kayaki, uende.

Mulenda alitazama huku na huku, akavua, akatoka na singilendi hadi barabarani. Mayi Tamandani akaanza kusema zikomo, zikomo, asante, lakini Annuarite alimkatiza.

— Na wewe, Mayi, nina hasira na wewe pia. Kutoka hapa hadi Dzaleka ni mwendo wa saa moja na kitu. Hukuweza kuja kuuliza hata siku moja? Ulitaka watu wasafiri na karatasi ambayo hujui nani aliiandika?

Mwanamke yule aliiokota fulana pale kwenye kayaki, akaikunja.

— Ni kweli. Sikuuliza. Nilikuwa nimetafuta muda mrefu, nilipopata nikafurahi tu.

— Basi lete kalamu. Tunaanza ukurasa wa kwanza.

Walirekebisha hadi jioni, mstari kwa mstari. Mwongozo ulitumwa upya kwa kila mtu aliyeupata mwanzo, na juu yake palikuwa na jina moja, la Annuarite.

Nyumbani alimweleza mama yake habari za saa na habari za jina. Ya Canada aliyameza. Hakutaka kumrudisha kwenye kile kitanda. Kwa hiyo mama aliendelea kunung'unika kwamba mwanaume akikosa hukaripiwa, haachwi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wajumbe wa Mulenda wakaja. Ezechiel, mjomba wa Mulenda, alitangulia na wazee wawili wa kanisa, na soda ndani ya mfuko. Mulenda alikuwa nyuma, kichwa chini.

— Mama, tumekuja kuomba radhi, alianza Ezechiel. Kijana alikosa, anakubali. Kuandika jina yake, alikosa. Kunyamaza, alikosa.

— Nakubali nilikosa, alisema Mulenda akipiga magoti. Annuarite, nisamehe.

— Nimekusamehe, alisema Annuarite. Ndoa hakuna.

— Ona sasa! alilalamika mama. Mtu amepiga magoti, we unataka nini tena?

Ezechiel aliona mlango umefunguka, akaingia kwa furaha.

— Njo hivyo, mama! Zingine ni vitu vidogo. Hata yale ya kusema eti nyinyi mulishaenda Canada, ilikuwa mchezo tu.

Mama aligeuza shingo taratibu.

— Yale gani ya Canada?

Mzee mmoja alikohoa.

— Mulenda, mwanangu, nauliza we. Nani alienda Canada?

— Mama... nilisema tu kwa yule mwenye kampuni... eti mulipata safari.

— Mi na Annuarite?

— Ndiyo, mama.

Mama aliinuka. Aliingia chumbani, wakasikia sanduku likiburutwa. Akatoka na vitenge vyote vya posa, bado vimekunjwa kama vilivyoletwa, akaviweka juu ya magoti ya Ezechiel. Juu yavyo akaweka mfuko wa soda.

— Mama, tafazali, alisema Ezechiel. Usifanye haraka. Mtoto iko na hasira tu, zitapita.

Mama alifungua mlango, akaushika ukiwa wazi.

— Zake zipite, zisipite, atajua yeye. Mi niko na zangu. Tokeni.