Ambulensi ya Ndarugu Rovers

Kila Jumapili asubuhi Leila alikuwa na kazi tatu, na mama yake hakumruhusu kutoka nje ya lango lao pale Gatongora kabla hajazimaliza. Alifua soksi za shule, akajaza mtungi wa maji ya kunywa, kisha akavuta dawa yake ya pumu mara mbili huku mama akimtazama. Kikopo hicho cha dawa walikiita inhela, na hakikutoka mfukoni mwake. Leila alikuwa na miaka kumi na miwili, na pumu ilimjua tangu akiwa mchanga. Vumbi, baridi au moshi wa jiko vilitosha kumbana kifua.

Jumapili hii kazi zote zilikwisha kabla ya saa mbili. Alasiri ile Ndarugu Rovers, timu aliyoipenda kuliko chapati za Idi, ilikuwa inacheza mechi yake ya mwisho ya msimu katika uwanja wa Thika. Wakishinda, wangebaki ligini. Wakitoka sare au wakishindwa, wangeshuka daraja, na huko chini hakuna aliyejua kama wafadhili wangeendelea kuwanunulia hata mipira.

Aliyemwambukiza Leila homa hiyo ya mpira ni Rama, ndugu ya mama yake, fundi wa baiskeli na pikipiki. Rama ndiye aliyepiga ngoma ya mashabiki. Msimu huo Rovers walikuwa wameshindwa mechi kumi na nne, naye alikuwa ameipiga ngoma yake katika zote kumi na nne. Watu wa Gatongora walimtania kwamba heri angeioa hiyo timu. Yeye aliwajibu kuwa mtu anayependa timu siku za ushindi pekee hapendi timu, anapenda sherehe.

Walipofika Thika, ambulensi nyeupe ilikuwa imeegeshwa mahali pake langoni mwa uwanja. Dereva wake, Kang'ethe, mzee mpole wa kofia ya sufu, alimpungia Leila mkono na kumwuliza kifua kimeamkaje. Alimwuliza hivyo kila Jumapili. Na kila Jumapili, kabla ya kupuliza kipenga cha kwanza, mwamuzi alitembea hadi langoni, akaitazama ile ambulensi, ndipo akarudi katikati ya uwanja. Leila aliliona jambo hilo mara nyingi, lakini hakuwahi kuuliza sababu yake.

Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua. Dakika ya ishirini na moja, mshambuliaji wa Rovers aliupiga mpira kwa kichwa ukaingia wavuni. Rama aliipiga ngoma hadi kijiti kimoja kikavunjika. Leila alicheza, akapiga kelele, akamkumbatia mama mmoja asiyemjua aliyekuwa amevaa jezi ya kijani kama yake.

Lakini kipindi cha pili kilikuwa cha mateso. Wachezaji wa Rovers walichoka. Wageni walishambulia kama nyuki waliochokozwa. Mpira mmoja uligonga mwamba wa goli, mwingine kipa aliuokoa kwa ncha ya vidole. Ilipofika dakika ya sabini na nane, beki mmoja alikuwa ameinama, mikono magotini, akitafuta pumzi. Leila alimwona vizuri, kwa maana watu wa ngoma waliketi kwenye nyasi, hatua chache kutoka mstari wa pembeni. Alijiambia kwamba kama wangepata dakika mbili tu za kupumzika na kunywa maji, wangeokoka.

Hapo ndipo alipomkumbuka Njau.

Njau alikuwa shabiki mnene aliyeuza mitumba Githurai 45. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Rovers walipokuwa wakizidiwa vivyo hivyo, alijiangusha nyuma ya goli, akageuza macho, akatetemesha miguu. Mchezo ulisimama. Wakammwagia maji, akaamka, na Rovers wakapata pointi moja. Tangu siku hiyo kisa hicho kilisimuliwa kila walipokutana, na aliyekicheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Rama mwenyewe.

Leila hakufikiri mara mbili. Alishika kifua, akaanguka ubavu kwenye nyasi, akaanza kuvuta pumzi kwa ule mlio wa filimbi alioujua mno. Hakuhitaji kufundishwa. Mwili wake ulikuwa umemfundisha kwa miaka kumi na miwili.

Ngoma ilinyamaza papo hapo. Kipenga kililia. Kupitia kope zake alizozifumba nusu, Leila aliwaona wachezaji wa Rovers wakikimbilia chupa za maji, akafurahi. Rama alikuwa amepiga magoti kando yake, akipapasa mfuko wa Leila kutafuta inhela. Akampulizia mara moja, akampulizia tena. Leila alipanga kuinuka baada ya hapo, lakini beki yule alikuwa bado ameinama. Akaona aongeze kidogo tu.

Kilichofuata hakukipanga. Njau alikuwa mtu mzima asiye na ugonjwa, wa kuchekwa tu, ila Leila alikuwa mtoto mwenye pumu, na kila mtu wa ngoma alijua. Rama alimnyanyua, akakimbia naye kuelekea langoni huku akiita jina la Kang'ethe. Mlango wa nyuma wa ambulensi ukafunguka, ukafungwa, na king'ora kikaanza kulia.

Ndani ya gari, muuguzi aliyeitwa Mutheu alimwekea kifaa cha hewa usoni na kumshika mkono. Alimwambia kwa upole, "Nikikuuliza, tingisha kichwa tu. Bado kifua kimebana?"

Leila angeweza kusema kweli wakati huo. Walikuwa hawajafika hata barabara kuu. Lakini alimtazama mjomba wake, akaiona mikono yake, ile ile iliyofungua nati zilizoshika kutu, imekumbatia inhela huku akiomba dua. Aibu ikamkaba kuliko pumu yoyote. Akatingisha kichwa kukubali.

Hospitalini daktari alimpima kifua mbele na nyuma, akasema kiko safi, na kwamba bila shaka dawa aliyopuliziwa uwanjani ndiyo iliyomsaidia. Rama alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha simu yake ikalia, akaenda nayo dirishani. Leila alimwona akisikiliza, mabega yake yakishuka polepole.

Aliporudi, alimweleza kwa sauti ya chini. Sheria ya ligi yao haikuruhusu mechi kuchezwa bila ambulensi uwanjani. Gari likiondoka, mwamuzi husimamisha mchezo na kusubiri dakika thelathini, na timu ya nyumbani ndiyo inayowajibika. Rovers walikuwa na ambulensi moja tu. Kang'ethe aligeuza mara tu alipowashusha, lakini lori lilikuwa limeharibika kwenye mzunguko wa barabara, magari yakafungana. Alifika uwanjani dakika sita baada ya mwamuzi kumaliza mechi na kuwapa wageni ushindi.

"Kwa hivyo tumeshuka?" Leila aliuliza.

"Tumeshuka," Rama alijibu, akamvuta karibu. "Usilie. Timu ni timu, mtoto ni mtoto. Mimi nimekupata wewe."

Leila alilia zaidi. Mjomba wake alidhani analilia timu. Yeye alijua analilia yale maneno, kwa sababu hakuyastahili hata moja.

Usiku ule hakula. Siku iliyofuata darasani mwalimu alimwita jina mara mbili bila yeye kusikia. Alipotoka shule alipitia kwenye kibanda cha Rama kama kawaida, akawakuta mashabiki saba au wanane wameketi juu ya magurudumu ya zamani. Walikuwa hawazungumzii lori wala sheria. Walikuwa wanamzungumzia Kang'ethe.

Njau ndiye aliyeongoza baraza. Alidai mzee yule alinunuliwa na wageni, kwamba hakuna dereva mwenye king'ora anayekwama namna ile, kwamba miaka minane waliyompa kazi hiyo ilikuwa miaka ya kufuga nyoka. Wengine waliitikia. Walikuwa wamekwisha kukubaliana kuiambia klabu imfukuze, na asionekane tena uwanjani. Rama peke yake alikuwa akisugua mnyororo wa baiskeli uliokuwa safi tayari.

Kang'ethe mwenyewe aliingia wakiwa katika maneno hayo. Alikuwa ameitwa aje kujieleza. Alivua kofia yake ya sufu, akaeleza habari za lori, akaeleza kuwa hakuwasha king'ora wakati wa kurudi kwa kuwa hakuwa na mgonjwa, na yeye hajawahi kuwadanganya watu barabarani kwamba ana mgonjwa. Njau alicheka kwa dharau. Macho ya mzee yakamwona Leila mlangoni na begi lake la shule, uso wake ukalegea.

"Kifua kimeamkaje leo, mama?" aliuliza.

Ndilo swali lililomvunja. Leila aliweka begi chini.

"Hakikuwa na kitu," alisema. "Hata jana hakikuwa na kitu. Nilijifanya. Nilitaka wapumzike kidogo, kama siku ile ya Njau. Anko Kang'ethe hana makosa. Ni mimi nimeishusha timu."

Mnyororo ulianguka kutoka mikononi mwa Rama. Njau aliinuka kama mtu anayetaka kufoka, kisha akakumbuka kwamba jina lake lilikuwa limetajwa. Akaketi tena, akayatazama magoti yake.

Rama hakumpiga Leila wala hakumkaripia. Leila alitamani afanye hivyo, pengine ungekuwa mzigo mwepesi. Rama alisema tu, polepole, "Nilikimbia na wewe nikidhani unanifia mikononi." Kisha akawageukia wenzake. Akasema mtoto amekosea, na atalibeba kosa lake, lakini kisa cha Njau kilichekwa na nani wiki tatu mfululizo? Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Watoto hawafuati tunachowakataza, alisema, wanafuata tunachokicheka.

Njau ndiye aliyeinuka kwanza kumwomba Kang'ethe msamaha, na wengine wakafuata, mmoja mmoja. Mzee aliwaitikia wote. Mwishoni alimwita Leila akae karibu naye juu ya gurudumu.

"Timu itapanda tena, hiyo haininyimi usingizi," alimwambia. "Mimi naogopa jambo lingine. Kifua chako ni kigonjwa kweli. Siku kikibana, unataka watu wakimbie bila kufikiri. Sasa watafikiri kwanza. Watajiuliza, ni kweli au ni mchezo? Uongo haumalizikii siku ulipousema, mama. Unakaa ukikungoja siku unayohitaji kuaminiwa."

Kesho yake Rama na Leila walikwenda kwa katibu wa klabu, na Leila akarudia maneno yake yote mbele ya meza. Katibu aliandika barua ya kumsafisha Kang'ethe, akambakishia kazi yake. Kuhusu mechi, alisema maji yakimwagika hayazoleki. Matokeo yalibaki yalivyo. Leila aliomba kuwaomba wachezaji radhi, na beki yule aliyekuwa ameinama ndiye aliyempa mkono, bila kumtazama usoni.

Msimu mpya ulianzia Mugutha, katika uwanja usio na nyasi, watazamaji hawatimii mia mbili. Rama alikuja na ngoma yake. Kang'ethe aliegesha gari lake kando ya ukuta wa shule iliyopakana na uwanja. Upepo ulipovuma, vumbi jekundu liliinuka likaufunika mstari wa pembeni, na Leila akahisi kifua chake kikifunga kama mlango. Safari hii filimbi ilitoka yenyewe. Alimshika Rama mkono.

Rama akamtazama.

Ilikuwa nukta moja tu, pengine nusu yake. Kisha akaitupa ngoma, akatoa inhela, akampulizia, na Kang'ethe alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari. Haikufika huko. Baada ya dakika chache pumzi zilirudi, mechi ikaendelea, na hakuna aliyeigundua ile nukta isipokuwa wao wawili.

"Ulisita, Anko," Leila alisema alipoweza kusema. Hakuwa akilaumu.

"Nilisita," Rama alikiri, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Sikutaka. Ndiyo maana watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kurudi ni ndefu. Tutaitembea, mwanangu. Wewe sema kweli leo, useme kweli kesho, hata kwa mambo madogo. Siku moja nitakimbia bila kukutazama."

Leila aliifuta ngoma vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akampa mjomba wake vijiti. Rovers walikuwa nyuma kwa bao moja. Rama akaanza kupiga.