Mikono ya Lothar

Ijumaa jioni kituo kikuu cha treni cha Essen kilikuwa kimefurika watu wanaorudi makwao. Marlies Osterkamp, dereva wa tramu, ile treni ya barabarani, aliyekuwa ametoka zamu muda huohuo, alitaka kitu kimoja tu: kuimaliza kahawa yake bila mtu kumsemesha. Hakuimaliza. Bamba la bati, refu kuliko mlango, lilipita usawa wa kifua chake, likasukuma kikombe, na kahawa yote ikaishia kwenye sare yake ya buluu.

"Nisamehe, dada yangu," alisema mwanamume aliyelibeba. Alivaa koti lililotoboka viwiko, na mvi zilimsimama kama mtu aliyetoka usingizini. "Hili ni bawa."

"Bawa la nini?"

"Bado sijajua."

Marlies alikuwa amechoka mno hata kukasirika. Akacheka.

Mwanamume huyo aliitwa Lothar Brinkschulte, na kazi yake ilikuwa kuunda sanamu zinazocheza: vyuma vinavyozungushwa polepole na mota, mabawa ya bati yanayosogea mtu akipita tu karibu. Karakana yake ilikuwa kwenye banda la mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa zamani. Jumapili alimkaribisha huko. Marlies alikaa juu ya kreti la bia, akanywa supu ya viazi, akatazama fimbo nyembamba zikiinama na kuinuka kama nyasi, akasinzia.

"Msanii mwingine angenuna," Lothar alimwambia alipozinduka. "Mtu kalala mbele ya kazi yangu."

"Mwaka mzima sijalala hivyo, mzee. Ichukue kama sifa."

Siku hiyo ndipo Marlies alipomsimulia habari za mama yake, ambaye yeye alimuuguza miaka minane mpaka mama akafa. "Nimemaliza, Lothar. Simlishi mtu tena kwa kijiko, awe nani."

Lothar akaitika kwa kichwa tu.

Walipendana kama wanavyopendana watu wazima waliochoka, bila mbwembwe. Marlies kila akitoka zamu alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, mpenzi."

"Na wewe je?"

"Mkate."

Baridi ilipoanza, Lothar alibadilika. Alikuja na mikono mifukoni. Wakitembea hakumshika. Wakiketi mezani alidai ameshiba kabla sahani haijafika. Marlies alitaka kuuliza, lakini kila siku uchovu ulimtangulia.

Kisha yakaja maonyesho makubwa ya Lothar. Marlies alivaa gauni la kijani la hariri na viatu vya kisigino vilivyomtesa. Mlangoni, mbele ya wageni, alimnyooshea mkono ili waingie pamoja. Lothar aliutazama mkono ule. Mikono yake ikabaki mifukoni. Mama mmoja aliyesimama karibu akageuza uso kwa aibu, na aibu ile ya mgeni ndiyo iliyomchoma Marlies zaidi. Alichukua koti lake akaondoka.

Kesho yake alipiga simu. "Kama una mwingine niambie tu."

"Sina mwingine."

"Basi ni nini?"

"Nimechoka, Marlies."

"Na mimi je?" akasema, akakata.

Miezi ikapita. Mwishoni mwa Machi alipigiwa na Gundula, dada yake Lothar. "Mimi si mtu wa kujiingiza. Lakini ndugu yangu anauza mashine zake za karakana. Ana ule ugonjwa wa kutetemeka. Alijua tangu vuli, akanikataza nisikwambie."

Marlies alikwenda karakanani na sare yake ya kazi. Alimkuta Lothar akihangaika na skrubu ndogo. Ikamponyoka, ikabingiria chini ya meza.

"Gundula," Lothar akasema.

"Gundula," akakubali Marlies.

"Ulisema humlishi mtu tena."

"Nilisema, na hata leo sijabadilika. Nikiiona hiyo mikono nasikia harufu ya chumba cha mama. Naogopa." Akaketi. "Lakini ungeniuliza. Ningekataa kwa mdomo wangu, si wewe unikatalie. Pale mlangoni nilijiona kama nanuka."

"Sikutaka uione ikitetemeka mbele ya watu."

"Nimeiona sasa."

Akaichukua yote miwili. Haikutulia. Hakuiachia.

"Nilipanga kukuoa," Lothar akasema. "Kabla ya daktari."

"Basi nitakuoa mimi."

"Mwanamke haoi."

"Mwanamke anayeendesha tramu anaoa. Siku ya kijiko ikifika tutatafuta muuguzi. Mimi nitakaa kando nikugombeze. Zaidi ya hapo siahidi, usije ukasema nilikudanganya."

Lothar alicheka, kicheko kidogo, kilichochoka. "Hata hicho kijiko nitakigomea."

"Jibu, bwana. Abiria wananingoja."

"Nimekubali."

Mashine waliziuza hata hivyo, kwani Lothar hakuwa na mkono wa kuziendesha. Ndoa ilifungwa Juni, kwenye ofisi ya jiji, Gundula akiwa shahidi. Karani alimpa Lothar kalamu. Alijitahidi kuandika jina lake, Marlies akitazama mbele bila kumsaidia, maana ndivyo alivyoombwa. Kilichotokea kwenye karatasi ni mstari unaopanda na kushuka, usiosomeka.

"Unatosha?" Lothar aliuliza.

Karani akasema unatosha. Marlies akavuta karatasi, akaandika jina lake chini ya mstari ule, taratibu, karibu kabisa.