Taa Ni Ishara ya Nini?

Hili halikunikuta mimi, maana mimi sina ulimi wa kukata watu. Lilimkuta rafiki yangu, mwalimu wa fasihi. Aliwaagiza wanafunzi waandike hadithi fupi sana, na karatasi moja, isiyo na jina, ilisema: “Mwalimu alizima taa. Aliyekuwa nyuma yake akamshukuru.”

Akaisoma darasani kwa kejeli. “Taa ni ishara ya nini? Ya akili zako zilizozimika?” Darasa likaangua kicheko. Akaipa sifuri, akaandika kwa wino mwekundu: “Fafanua!”

Mchana huohuo alirudisha vitabu stoo, chumba kisicho na dirisha. Akavipanga peke yake, akazima taa. Mkono ungali kwenye swichi, akasikia mtu akivuta pumzi kisogoni.

“Asante, mwalimu. Nifafanue?”